Star Trek, Lugalo na Neno "Mpya"

Nilikuwa kimya, kazi zilinibana. Hapa Mbeya baridi ya mwezi wa saba haina mchezo, ukishapeleka habari yako kwa mhariri unatamani blanketi tu. Ndiyo maana nilipita kwa kijana anayejaza muvi kwenye fleshi pale Mwanjelwa, nikarudi na Star Trek: Enterprise. Washkaji wamenicheka sana. Eti msomi mzima wa chuo kikuu anaangalia watu wenye masikio yaliyochongoka! Sawa, chekeni. Ila leo nina hoja.

Naizungumzia "In a Mirror, Darkly", iliyorushwa kwa sehemu mbili Aprili 22 na 29, 2005, tamthilia ikiwa karibu kufungwa. Inaanza kwa picha za filamu ya mwaka 1996, First Contact. Chombo cha Wavulkani kinatua duniani, mgeni anashuka na kusalimia. Kwenye filamu, Zefram Cochrane anampa mkono. Hapa anachomoa bunduki na kumuua, kisha watu wanavamia chombo. Hapo ndipo unajua umeingia ulimwengu mwingine, unaofanana na wetu kwa sura lakini si kwa roho.

Ulimwengu huo tuliuona kwanza Oktoba 6, 1967, katika "Mirror, Mirror", ambako Kapteni Kirk alipotelea na wenzake watatu. Mmoja wao ni Uhura, ambaye jina lake limetokana na neno letu uhuru. Mwaka 1968, katika "The Tholian Web", meli ya Defiant ikatoweka. Basi, ikasahaulika. Mwaka 2005 waandishi wakajibu: iliangukia katika ulimwengu ule mwingine, tena miaka mia moja nyuma. Wakaijenga upya ndani, na vitufe vyake vya rangi kama vya miaka ya sitini.

Wapo wanaosema huo ulikuwa upotezaji wa muda. Mashujaa tuliowafuata misimu minne hawaguswi na lolote linalotokea mle, na zilibaki wiki chache tu. Wanaona ni zawadi kwa wazee wanaokariri majina ya meli. Siwabishii kuhusu mashujaa. Lakini kuhusu meli nawabishia. Mtu akikusimulia kwamba watu walipotea, ana deni la kukwambia walikokwenda, hata likilipwa baada ya zaidi ya miaka 36.

Kwa nini jambo hili linaniuma? Mwaka jana niliandika habari ya mradi wa maji katika kijiji kimoja. Kiongozi alisema ni mradi mpya, nami nikaandika "mpya". Baada ya siku chache mzee mmoja akanisimamisha stendi. Nikamwamkia, shikamoo mzee. Akaitikia, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa mpaka kimechanika. "Mwanangu, mradi huu gazeti lenu liliuita mpya wakati wewe bado uko shule. Bomba lile la kwanza lilikwenda wapi?" Nilikosa jibu. Hiyo ndiyo Defiant yangu.

Na mimi ni mtu wa Iringa. Kwetu tunajua Agosti 17, 1891, pale Lugalo, askari wa Mkwawa walipoliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski, naye akafa hapo hapo. Lakini wazee husimulia kwamba kabla ya hapo Mkwawa alituma wajumbe, na wajumbe wakapigwa risasi. Mgeni na mwenyeji, mkono au bunduki! Mwaka 1894 Kalenga ikatekwa, mwaka 1898 Mkwawa akajiua, na fuvu lililotambuliwa kuwa lake likarudishwa mwaka 1954. Mwandishi anayeanza na mkuki wa Mhehe na kuwaacha wale wajumbe ameianzisha filamu baada ya risasi. Msomaji atamwona Mhehe kuwa ndiye mkorofi, na hakuna neno moja la uongo litakalokuwa limeandikwa.

Ndiyo maana sikubali kwamba mwendelezo ni mchezo wa mashabiki. Waandishi wa hadithi za kubuni walipekua kazi za mwaka 1968 ili wasimdanganye mtazamaji. Sisi tunaoandika mambo ya kweli, yenye bajeti na ndoo za maji, tunashindwa kupekua gazeti letu wenyewe?

Siku hizi, kabla sijaandika "mpya", nafungua kwanza majalada ya zamani. Mhariri ananiona mchelewaji. Na mzee yule bado namdai jibu? Hapana, yeye ndiye ananidai. Nimeanza kuulizia lile bomba, nikipata ukweli nitauandika.

Wewe unasemaje? Kwenu kuna meli gani iliyopotea na hakuna anayeiulizia?