Chai ya pakanga inashusha homa, lakini je, inaponya malaria?

Huenda una mashina mawili matatu ya pakanga nyuma ya nyumba yako, au jirani amekupa majani yake makavu. Wengine huuita mmea huu artemisia. Kwa baadhi ya familia, za wakimbizi na za wenyeji, chai yake ndiyo dawa ya kwanza homa inapopanda.

Sababu inaeleweka. Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, kisha ikafuta sehemu kubwa, huduma nyingi za wakimbizi zimepunguzwa. Ukikaa foleni tangu asubuhi na kuambiwa dawa zimeisha, si ajabu ukirudi kwenye mmea wako.

Na mmea huu si wa kudharauliwa. Mwaka 1972, watafiti wa China wakiongozwa na Tu Youyou walipata ndani yake artemisinini, kemikali inayoua vimelea vya malaria. Ugunduzi huo ulimpa Tu Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa mseto unayopewa kituo cha afya imetokana na kemikali hiyo hiyo.

Tatizo ni kipimo

Kiasi cha artemisinini hubadilika kulingana na mbegu, udongo, wakati wa kuvuna na namna ya kukausha. Miche miwili inayofanana kwa macho inaweza kutofautiana sana kwa nguvu, na uchungu wa chai hauwezi kukuambia ni upi wenye dawa. Zaidi ya hayo, artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji, na hutoka mwilini kwa saa chache. Ndiyo maana dawa mseto huwa na dawa ya pili, inayobaki mwilini kumalizia vimelea vilivyosalia. Chai haina mwenzake huyo. Homa inaweza kushuka, ukajiona umepona, kumbe vimelea vimebaki na ugonjwa unarudi.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema halipendekezi kutibu wala kuzuia malaria kwa majani ya artemisia, yawe chai, unga au vidonge.

Si suala la mgonjwa peke yake

Vimelea vinavyoanza kuhimili artemisinini vimethibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania. Kila mara vinapokutana na dozi ndogo visife, vilivyo sugu hupata nafasi ya kuzaliana. Mbu hachagui nyumba: akimuuma mkimbizi leo, kesho atamuuma mwenyeji. Dawa mseto ikishindwa, tutakuwa tumepoteza ngao yetu sote.

Ufanye nini?

• Homa ikianza, nenda ukapime damu siku hiyo hiyo. Si kila homa ni malaria.
• Ukipewa dawa mseto, maliza siku zote 3 hata ukijisikia nafuu. Usigawane dozi na mwingine.
• Mtoto mwenye degedege, anayetapika kila kitu au kushindwa kunyonya awahishwe kituoni bila kusubiri chai wala asubuhi. Mjamzito mwenye homa pia asijaribu pakanga.
• Kama umekwisha kunywa pakanga, mwambie mhudumu. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa.
• Harufu ya mmea haichukui nafasi ya chandarua.

Sisi wa mashirika nasi hatuna haki ya kukukataza chai halafu tukanyamaza dawa zinapokosekana. Ukirudishwa bila kupimwa au bila dawa, andika tarehe na jina la kituo, kisha umjulishe mhudumu wa afya ya jamii, kiongozi wa eneo lako au dawati la malalamiko. Mwenyeji na mkimbizi wanaotumia kituo kimoja wapeleke taarifa hiyo kwa pamoja. Upungufu usioripotiwa ni rahisi kuambiwa haupo.