Ukaguzi wa usalama usiwe adhabu kwa mama na mtoto

Msimu wa likizo za shule, kama ulivyo msimu wa Umra, huvijaza viwanja vyetu vya ndege familia zenye watoto wadogo. Wapo wanaokwenda kuwaona babu na bibi, wapo wanaompeleka mtoto kutibiwa, na wapo waliodunduliza kwa miaka ili wafike Makka pamoja na watoto wao. Wote hao, kabla ya kuiona ndege, hukutana na mtihani wa kwanza, nao ni foleni ya ukaguzi wa usalama.

Hivi karibuni, katika kiwanja kimoja, tulisimama nyuma ya mama mwenye mtoto mchanga mbelekoni, wa pili amemshika mkono, na kigari kilichosheheni maziwa na nepi. Alitakiwa akunje kigari, avue viatu, atoe chupa na aweke kila kitu kwenye mkanda wa mashine. Mtoto mkubwa alipoona mwanasesere wake anamezwa na mashine, akaangua kilio. Watu wakaanza kunung'unika. Askari akasema, "Mama, fanya haraka." Mzee mmoja akajitolea: "Nipe mtoto nikushikie, mwanangu." Akakatazwa, na katazo hilo lina busara yake, kwani mtoto hapaswi kupita mikononi mwa asiyesafiri naye. Ndipo askari wa kike alipowachukua, akawapitisha pembeni kwenye njia pana, akakagua kitu kimoja kimoja kwa utulivu. Hakuacha hata chupa moja. Kazi ikaisha kwa dakika chache, na foleni ikasonga.

Swali letu ni hili: kwa nini wepesi huo utegemee huruma ya askari mmoja, wala usiwe utaratibu wa kila siku?

Hatusemi ukaguzi ulegezwe. Sisi wa Afrika Mashariki tuliozika watu wetu baada ya milipuko ya Agosti 7, 1998, Nairobi na Dar es Salaam, hatuhitaji kufundishwa thamani ya usalama. Tunakumbuka pia Novemba 28, 2002, ndege ya abiria ilipokoswakoswa na makombora ilipokuwa ikiruka kutoka Mombasa. Masharti yanayotuchosha nayo yana chimbuko lake. Viatu vilianza kutiliwa shaka baada ya Desemba 22, 2001, pale Richard Reid alipojaribu kulipua ndege iliyokuwa ikitoka Paris kwenda Miami. Vimiminika navyo viliwekewa mipaka baada ya njama iliyofichuliwa Uingereza Agosti 2006. Siku zile wazazi nchini humo walilazimika kuonja maziwa ya watoto wao mbele ya wakaguzi.

Tatizo ni kwamba utaratibu wote umepangwa kana kwamba kila abiria ni mtu mzima mwenye mikono miwili mitupu. Mwenye mtoto hana mkono hata mmoja ulio mtupu.

Wenzetu wameliona hilo. Marekani, nchi iliyoshambuliwa Septemba 11, 2001, iliwaruhusu watoto wa miaka 12 na chini yake kubaki na viatu vyao tangu mwaka 2011. Mwaka 2016 ikatunga sheria ya kuwafunza wakaguzi namna ya kushughulikia maziwa ya mama na vifaa vyake. Julai 2025 iliwaondolea abiria wote kwa jumla sharti la kuvua viatu, na mwezi huohuo ikatangaza njia maalumu za ukaguzi kwa familia katika baadhi ya viwanja. Ikiwa taifa lenye hofu kiasi hicho halikuona mgongano kati ya ulinzi na upole, sisi tuna udhuru gani?

Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiingia katika Sala akikusudia kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kuujua uchungu wa mama yake. Tuzingatie: aliifupisha, lakini hakupunguza nguzo yake hata moja. Hicho ndicho kipimo tunachokipendekeza kwa viwanja vyetu. Nguzo za ukaguzi zibaki zote, bali uzito wake upunguzwe kwa asiyeuweza.

Kwa hiyo tunaziomba mamlaka za viwanja vya ndege mambo matatu. Kwanza, nyakati za msongamano itengwe njia moja ya familia, yenye upana wa kupitisha kigari, na benchi mbele yake la kukusanyia vitu. Pili, pawekwe tangazo la Kiswahili fasaha linaloeleza kuwa maziwa na chakula cha mtoto kwa ajili ya safari havibanwi na kikomo cha mililita 100, ilimradi vikaguliwe. Wapo kina mama wanaomwaga maziwa kwa kutojua tu. Tatu, wakaguzi wafunzwe kuzungumza na mtoto kabla ya kumgusa au kuchukua anachokishika, na wasimtenganishe na mzazi wake.

Wazazi nasi tuna wajibu. Tufike mapema. Maziwa yawe katika mfuko wa peke yake, tuyataje kabla hatujaulizwa. Tumweleze mtoto tangu nyumbani kuwa mwanasesere ataingia mashineni na atatoka upande wa pili. Na wewe msafiri usiye na mtoto, unaponung'unika nyuma ya mama huyo, kumbuka kuwa nawe ulibebwa.

Askari aliyetuonyesha njia siku ile hakuhitaji mashine mpya wala jengo jipya. Alihitaji nafasi kidogo pembeni, na nia. Viwanja vyetu havikosi nafasi. Tunangoja nia.

Wabillahi Tawfiq.