Mgeni wa Siku ya Tatu Apewe Jembe la Lugha

Wahenga walinena kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hunijia kila ninapopita ufuoni Malindi na kuwasikia vijana wetu wakizungumza na watalii. Kijana ambaye hajawahi kuingia darasa la Kiitaliano hupiga soga kwa lugha hiyo tangu asubuhi hadi machweo, akatania, akacheka na kupatana bei. Mgeni naye hurejea kwao na maneno mawili tu: "Jambo" na "Hakuna matata". Swali langu kwa wapenzi wa Kiswahili ni hili: katika mabadilishano haya ya lugha, ni nani aliyefaidika na ni nani aliyepunjika?

Kwanza tuwatendee haki vijana hao. Uhusiano wa Malindi na Waitaliano si wa jana wala juzi. Mwaka 1967 Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa lililosimikwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na katika miongo iliyofuata wengi wakaja kupumzika, wakajenga mahoteli na majumba. Leo mtoto wa Malindi au Watamu akimwona Mzungu humwamkia "Ciao" hata kabla ya kujua atokako. Stephen Krashen, katika maandishi yake ya mwaka 1982, alitofautisha baina ya kuipata lugha kwa kuitumia na kuisoma kwa kanuni. Anayeitilia shaka tofauti hiyo na aende ufuoni. Kijana wa pale hukosea jinsia ya nomino, akaeleweka, akasahihishwa, akaendelea. Sisi wa vyuoni twaweza kutaja nyakati zote za kitenzi cha Kifaransa, lakini akitokea Mfaransa ukumbini tunavitazama viatu vyetu. Ujasiri wa ulimi ni somo ambalo hatuna budi kulipokea kutoka kwa wenzetu wasio na vyeti.

Hata hivyo, soko hufunza kile tu linachokihitaji. Nasema haya kwa kuwa nililelewa papo hapo Malindi, na nilipokuwa shule ya upili niliuza vinyago na shanga wakati wa likizo. Kulikuwa na bibi mmoja Mwitaliano aliyekuja kila mwaka pamoja na mumewe. Mwaka mmoja alikuja peke yake. Nilipomuuliza aliko mzee, alinijibu kwa neno moja nililolifahamu vyema: amefariki. Kiitaliano changu chote kikaniishia. Nilijua ghali na rahisi, leo na kesho, rafiki na bei nzuri. Sikujua namna ya kumliwaza mfiwa. Nikasema, "Pole, mama." Akaniuliza maana yake. Nikashindwa kumweleza kwa lugha yake, naye hakuwa na Kiswahili cha kunielewa. Tukasimama mchangani, watu waliofahamiana kwa miaka minne, kila mmoja bubu mbele ya mwenzake.

Kwa miaka yote ile bibi yule alikuwa radhi kujifunza. Sisi ndio tuliompa "Hakuna matata" tukamnyima "pole". Ni kweli kwamba wimbo wa Them Mushrooms wa mwaka 1982 na filamu ya Lion King ya mwaka 1994 viliyaeneza maneno hayo, lakini lawama si ya wimbo wala ya filamu. Nyumbani tunaulizana "Hujambo?" na kujibu "Sijambo", tukifika ufuoni tunamtupia mgeni "Jambo", naye akiturudishia "Jambo" tunampigia makofi. Tumemkatia viambishi kama mzazi amkatiaye mtoto nyama, kisha tunamcheka kwa kuwa hajui kutafuna.

Wapo watakaosema kuwa mtalii amekuja kupumzika, hakuja kusoma ngeli, na kwamba muuzaji akigeuka mwalimu, mnunuzi atamponyoka. Hoja hiyo ina mashiko kwa mgeni wa juma moja. Haina mashiko kwa yule arudiye kila mwaka, sembuse aliyejenga nyumba akaishi nasi miaka kumi. Huyo ndiye mgeni wa siku ya tatu, na jembe lake ni Kiswahili. Isitoshe, mtu anayezungumza kwa lugha ya mnunuzi pekee husalia kuwa muuzaji daima, hawi jirani.

Napendekeza basi kwamba chama chetu kiandae kijitabu cha mazungumzo mafupi: kuamkiana, kupeana pole, kuombana radhi, kukataa kwa adabu. Wakati wa likizo ndefu wanachama wakipeleke kwa wauzaji na waongoza watalii wa Malindi, Watamu na Diani, waketi nao na kukijaribu pamoja. Wao watatufunza kuzungumza lugha ya kigeni bila haya. Nasi tutawasaidia kuifundisha hii yetu bila kuikatakata. Tangu mwaka 2022 tumekuwa tukiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai, aghalabu kwa hotuba za kumbini. Mwaka huu tushuke ufuoni. Huenda yupo bibi mwingine ambaye hajafunzwa neno "pole".