Gari la kulala ndani likaguliwe, lisihukumiwe kwa umri

Si ajabu kukuta Mutukula au Malaba, usiku, Hiace kuukuu imeegeshwa, mapazia yamefungwa na mwenye nayo amelala ndani. Viti vya abiria vimeng'olewa, pamewekwa kitanda cha mbao, chini yake marobota ya vitenge, kwenye kona jiko la gesi na dumu la maji. Ulaya na Japani watu hutengeneza magari ya namna hiyo kwa ajili ya likizo. Mfanyabiashara wa mpakani hulitengeneza ili aokoe pesa ya gesti na asiuache mzigo mikononi mwa mtu asiyemjua. Mtaji wote umo humo.

Wanaoliita gari hilo takataka hawajawahi kuharibikiwa njiani saa mbili usiku. Hiace ya miaka ya 1990 yenye injini ya dizeli ya 2L au 3L haitegemei kompyuta kusukuma mafuta. Fundi wa Kahama anaijua pampu yake kama anavyoijua fundi wa Kitale, na spea hazikosekani penye vipanya, matatu au twegerane. Toleo lililoanza mwaka 2004, kwa zile zenye injini ya D-4D, lina nguvu zaidi, lakini linataka mashine ya kupimia na dizeli safi, vitu ambavyo havipatikani kila mji wa mpakani.

Hata hivyo, gari kuukuu halimsamehe mzembe. Mkanda wa taimingi wa injini hizo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugonga pistoni na safari imekwisha. Anayenunua gari bila kujua historia yake abadilishe mkanda kwanza, kitanda na mapazia baadaye. Kisha aangalie upoozaji. Barabara ya kutoka Mbarara hadi Gatuna hupitia Kabale, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye takriban nyuzi joto 93 badala ya 100. Kifuniko cha rejeta kilichochoka hakishiki presha, maji huchemka mapema na silinda hedi hupinda au kupasuka. Kifuniko ni kitu kidogo dukani. Silinda hedi inaweza kumla mtu faida ya safari kadhaa.

Na jiko la mkaa lisiingie humo kamwe, hata Kabale kukiwa na baridi namna gani. Kaboni monoksidi haina harufu, na aliyelala haamki.

(Kuna na mlango. Hiace ya Kenya, Uganda au Tanzania hufungukia kushoto. Rwanda na Burundi huendesha kulia, kwa hiyo anayeshuka anashukia katikati ya magari.)

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye sheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda, tangu 2018, imeweka ukomo wa miaka 15. Tanzania huliruhusu, lakini hutoza ushuru wa ziada kulingana na umri. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika mwaka 2010, na bado uchakavu una vipimo vitatu. Nia ya kupunguza moshi na ajali ni njema, ila mwaka wa kutengenezwa hauonyeshi hali ya breki. Matokeo yake, mfanyabiashara mdogo hushawishika kununua gari la namba za nchi jirani na kulitumia kwao kwa kibali cha muda. Kibali kikiisha, gari hukamatwa pamoja na vitenge vyake.

Nchi wanachama zinapaswa kuwa na cheti kimoja cha ukaguzi cha kuangalia breki, usukani, taa, moshi, nyaya za betri na mtungi wa gesi, kitakachoheshimiwa kila mpaka. Asiyekipata abaki nyumbani, hata gari lake likiwa jipya. Jambo hilo linawezekana. Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya madhara kwa mtu wa tatu, imevuka mipaka tangu 1987. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini inaendelea kuitambua.

Wakati hilo likisubiriwa, aliyegeuza viti kuwa kitanda aende kwanza mamlaka ya usajili, kadi ya gari ionyeshe matumizi yake ya sasa, kisha amweleze wakala wa bima. Gari lililokatiwa bima kama la abiria huku ndani lina godoro na mtungi wa gesi huipa kampuni ya bima sababu ya kukataa kulipa siku litakapopata ajali.