Orodha ya Thieta ni Mali ya Umma

Mgonjwa huamriwa asitie kitu kinywani tangu saa sita za usiku. Alfajiri huvikwa vazi la upasuaji, akalazwa kwenye machela, akangoja. Alasiri huletewa habari: upasuaji umeahirishwa, rudi mwezi ujao. Ni wangapi katika makanisa yetu waliorejea nyumbani hivyo, nauli imekwisha na uvimbe ungali mwilini?

Wakuu hujibu kwamba vyumba ni vichache na wapasuaji hawatoshi. Ni kweli, lakini ukweli huo umegeuzwa pazia. Nyuma yake mna orodha iliyojazwa pomoni, isiyobakisha nafasi kwa mama aliyeshindwa kujifungua wala kijana aliyevunjwa mguu na matatu. Majina yao hatuyajui. Kwamba watakuja, twajua kila siku.

Mwaka 2002 hospitali ya St. John's katika jimbo la Missouri, Marekani, ilikuwa na vyumba 32 vya upasuaji, vyote vimejaa, na kazi ikiendelea hadi usiku wa manane. Ikashauriwa itenge chumba kimoja kwa dharura pekee. Wapasuaji walipinga: tumebanwa, nanyi mwatunyang'anya? Chumba kikatengwa hata hivyo. Idadi ya upasuaji iliongezeka kwa asilimia 5.1, na ule wa baada ya saa tisa alasiri ukapungua kwa asilimia 45. Ndipo ilipodhihirika pia kwamba msongamano mwingine uliletwa na wapasuaji wenyewe, waliopenda kurundika kazi mwanzoni mwa juma. (Dharura ilikuwa imebebeshwa lawama isiyo yake!)

Hospitali yenye vyumba viwili haiwezi kufunga kimoja. Basi na itenge saa.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Cha 35 champa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Tangu 2013 hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti. Kwa hiyo, ndugu wapendwa, waulizeni wawakilishi wenu wa wadi: juma lililopita ni wangapi walioahirishwa, na kwa sababu gani? Damu haikuwapo? Mtaalamu wa nusukaputi hakufika? Nguo za thieta hazikufuliwa? Au kuna jina lililopenyezwa juu ya orodha usiku, na ni nani aliyelipenyeza? Majibu yabandikwe mlangoni kila Jumatatu, bila kutaja jina la mgonjwa yeyote.