Hamsini si Lenzi ya Kwanza, na Kuta za Sebule ni Shahidi

Mwulize mpiga picha yeyote wa Singida, awe mwenye studio mjini au anayezungukia mahafali ya Kiomboi, Manyoni na Ikungi: kijana aliyepata DSLR yake ya kwanza aongeze lenzi gani? Hujamaliza swali, jibu limeshatoka: “Chukua hamsini.” Milimita 50, f/1.8. Ni nafuu, ni nyepesi, inaona gizani na inafifisha nyuma. Ushauri huu umerudiwa mpaka umekuwa sheria, na wanaourudia hawaulizi hamsini ya kamera gani wala ya kazi gani.

Ni ushauri mbaya. Kwa kijana anayetaka kula kwa kupiga harusi, ubatizo, send-off na misiba katika mkoa huu, lenzi ya kwanza kununua baada ya ile iliyokuja na kamera ni lenzi pana isiyo na zumu, yenye tundu kubwa la kuingizia mwanga: kati ya milimita 24 na 30, au 35 kama hakuna namna. Hamsini ikae foleni.

Sheria hii ilizaliwa enzi za filamu. Tangu Leica ilipoingia sokoni mwaka 1925, kamera za filamu ya milimita 35 zilikuwa na fremu ya milimita 24 kwa 36. Kwenye fremu hiyo hamsini huona kwa upana wa wastani, na kwa miongo mingi kamera ziliuzwa zikiwa tayari na lenzi ya 50 au inayokaribia hapo. Wazee waliojifunzia filamu hawakukosea. Walikuwa wanazungumzia kamera zao.

Kisha dijitali ikaja na kihisi kidogo. Kuanzia Canon EOS 300D ya mwaka 2003, DSLR za bei nafuu zimekuwa na kihisi cha takriban milimita 22 kwa 15, na za Nikon zimezidi hapo kidogo tu. Kihisi kidogo hukata kingo za kile ambacho lenzi inaona. Kwa Canon zidisha kwa 1.6, kwa Nikon zidisha kwa 1.5. Hamsini inakuwa kama 80 kwa huyu na 75 kwa yule. Hiyo ni lenzi ya sura ya mtu mmoja aliyetulia kwenye kiti. Upana wa wastani kwenye kihisi hicho unaanzia karibu na milimita 28. Anayekuambia kwamba hamsini inaona kama jicho la binadamu anakusifia kamera ambayo huna.

Kama hesabu inakuchosha, chukua futi kamba uingie sebuleni. Sebule ya mita nne si ndogo kwa nyumba zetu. Siku ya kupokea mahari wazee wamekaa kwenye makochi upande ule, wewe umebanwa na kabati la vyombo upande huu. Kati yako na wao zimebaki kama mita tatu. Kwa kamera ya Canon yenye kihisi kidogo, hamsini itaona upana wa mita 1.3: wazee wawili, na wa tatu bega tu. Ya 35 itaona kama mita 1.9. Ya 24 itaona mita 2.8: kochi zima na mzee aliyekaa kwenye stuli pembeni. Ukishika hamsini una njia mbili, uvunje ukuta au utoke nje ukapigie dirishani. Na wakati unahangaika, shangazi mmoja amesimama kando yako na simu yake, kamera kuu ya simu ina upana wa kama milimita 26 kwa hesabu ya fremu kamili, amewapata wote na picha imeshafika kwenye kundi la ukoo. Hapo ndipo mteja anapoanza kujiuliza amekulipa kwa lipi.

Na tusisahau mteja analipia nini. Ukipeleka albamu ya harusi kwa familia, anayefungua hatafuti ukungu wa nyuma. Anatafuta watu. Babu aliyetoka Mkalama kwa basi yuko wapi? Wale wajomba waliocheza na zawadi mkononi wako wapi? Keki inakatwa, nyuma yake kuna kamati nzima ya harusi iliyochangishana miezi; wewe umewageuza madoa ya rangi, halafu unajisifu kwamba picha ni laini. Hata nje hali ni hiyohiyo. Mtu akisimama mbele ya yale mawe makubwa ya Singida, au kwenye shamba la alizeti lililochanua, au ukingoni mwa Ziwa Singidani, anataka mahali paonekane. Ukifuta mawe ya Singida kwenye picha ya Singida, umempiga mtu ambaye angeweza kuwa popote.

Najua utetezi wa wapenzi wa hamsini. Wa kwanza ni kwamba lenzi pana inaharibu sura: pua inakuwa kubwa, mashavu yanavutika. Hapa lenzi inasingiziwa kosa la miguu ya mpiga picha. Kinachokuza pua ni ukaribu. Simama nusu mita mbele ya uso wa mtu na lenzi yoyote, pua itatangulia. Simama mita mbili au tatu na lenzi ya 24, sura itakaa mahali pake. La kuangalia ni moja: usimweke mtu kwenye kona ya fremu, kwa sababu pembeni lenzi pana huvuta vitu. Bibi harusi kati, wapambe kando yake, na pembeni kabisa acha pazia na maua yavutike yakitaka.

Utetezi wa pili unaonekana wa busara zaidi: lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera tayari ina upana, kwa nini ninunue upana mwingine? Kwa sababu ya mwanga. Namba ya f hufanya kazi kinyumenyume, ikipungua tundu linaongezeka. Lenzi hiyo ikiwa kwenye milimita 28 tundu lake kubwa kabisa ni karibu f/4. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara tano ya huo. Iweke ukumbini: taa za rangi zinazunguka, maharusi wanaingia kwa kucheza, kamera iko ISO 3200. Kwa f/4 unapata shata ya 1/30 ya sekunde, na mikono ya wachezaji inakuwa moshi. Kwa f/1.8 mwanga uleule unakupa karibu 1/150, na wachezaji wengi watabaki na vidole vyao.

Atakayesema “nitawasha flashi” ajibu kwanza ataigongesha wapi. Sherehe zetu nyingi ziko chini ya turubai. Piga flashi kwenye turubai la bluu, uone ngozi za watu zitakavyorudi na rangi ya bluu. Nyumba nyingine haina dari, ni mabati juu na mbao zinazokatiza. Na ukiingia kwenye tembe, nyumba ya jadi ya Wanyaturu yenye paa la chini la udongo na mlango mmoja unaoingiza mwanga, flashi itaua kila kilichokufanya utoe kamera. Humo ndani unahitaji vitu viwili kwa pamoja, upana na tundu kubwa. Lenzi iliyokuja na kamera ina cha kwanza, hamsini ina cha pili. Lenzi pana isiyo na zumu yenye tundu kubwa ina vyote.

Tundu kubwa lina faida nyingine kwenye lenzi pana ambayo hamsini haikupi: halikuponzi kirahisi. Ukipiga kwa hamsini f/1.8 kutoka mita tatu, eneo lililo kwenye fokasi ni kama sentimita 25. Bwana harusi akiinama kidogo, mmoja wa maharusi amefifia. Kwa lenzi ya 24 yenye f/2.8 kutoka mita hizohizo tatu, fokasi inashika kuanzia kama mita 2.3 hadi zaidi ya mita nne. Safu ya mbele na ya nyuma zote zina macho.

Basi ununue ipi? Mwenye Canon ya kihisi kidogo aanze kutazama EF-S 24mm f/2.8 STM. Ina gramu 125 tu, na inasogelea kitu hadi sentimita 16, kwa hiyo pete na hina hazihitaji lenzi nyingine. Ilipotoka mwaka 2014 Marekani iliuzwa dola 149, si mbali na bei ya hamsini. Ione pia inavyofichua chanzo cha sheria yetu: Canon ilianza kuuza kamera za mfumo huo mwaka 2003, ikachukua miaka 11 kuzitolea lenzi pana isiyo na zumu. Katika miaka hiyo hamsini ilikuwa ndiyo rahisi dukani, na watu wakageuza uhaba kuwa hekima. Ukitaka mwanga zaidi ipo EF 28mm f/1.8, au Sigma 30mm f/1.4 ambayo imetengenezwa kwa Canon na kwa Nikon pia.

Mwenye Nikon ana kazi zaidi, kwa sababu Nikon haikuwahi kumtolea mwenye DSLR ya kihisi kidogo lenzi pana, nafuu na yenye tundu kubwa. Iliyo karibu ni AF-S DX 35mm f/1.8G ya mwaka 2009. Si pana kwa kweli, lakini kutoka zile mita tatu inaona mita mbili, na mfukoni inavumilika. Mwenye nguvu zaidi aende AF-S 24mm f/1.8G au 20mm f/1.8G. Ila asome maandishi ya lenzi herufi kwa herufi. Kamera za kundi la D3000 na D5000, ambazo ndizo nyingi mikononi mwa vijana, hazina mota ya fokasi ndani ya mwili. Lenzi ya aina ya AF-D itaingia, itabana vizuri, kisha itakaa kimya na utazungusha fokasi kwa mkono huku keki inakatwa. Tafuta AF-S.

Usiangukie pia ugonjwa wa f ndogo kupita zote. Anayekopa ili anunue f/1.4 badala ya f/1.8 anaongezewa mwanga usiofika hata mara mbili, kwa bei ambayo mara nyingi inapita hapo kwa mbali, pamoja na uzito wa kuning'inia shingoni toka asubuhi mpaka usiku wa manane. Kwa harusi, f/1.8 inatosha, f/2 inatosha, na f/2.8 kwenye lenzi ya 24 inaleta chakula.

Singida ina mtihani wake mwingine, upepo. Kiangazi vumbi linapopanda, kila unapobadilisha lenzi nje unalikaribisha kwenye kihisi, na doa lake utalikuta kwenye anga la kila picha ya wiki nzima. Mwenye hamsini hubadilisha mara kwa mara, kwa kuwa haimalizi kazi hata moja ya familia. Mwenye 24 au 28 anaifunga asubuhi na kuifungua jioni.

Lenzi nyingi tunazipata kwa kuagiza Kariakoo, na zinasafiri kwenye buti la basi kama kilomita 700. Usilipe fedha yote kabla ya kuikagua. Mulika tochi ya simu kupitia lenzi utafute kuvu, zile nyuzi kama utando wa buibui. Weka tundu kubwa kabisa, piga maandishi ya gazeti yaliyolazwa mshazari kupitia kitundu cha kuchungulia, kisha piga tena kupitia skrini ya nyuma. Kama ya skrini ni kali na ya kitundu imefifia, fokasi imehama, na kamera nyingi za bei ya chini hazina sehemu ya kuirekebisha. Mwenye Canon akumbuke pia kwamba lenzi ya EF-S haiingii kwenye kamera ya fremu kamili kama 6D. Ukipanga kuhamia huko karibuni, nunua EF.

Hamsini ina siku yake. Binti aliyehitimu akitaka picha moja ya sura, jua limeshuka na nafasi ipo, itoe na uitumie bila aibu. Ila hiyo ni kazi ya lenzi ya pili. Wapiga picha wenzangu, tuache kuwapa vijana ushauri tuliourithi kwa filamu. Nawe kijana, kabla ya kutuma fedha Kariakoo, ingia kwenye sebule utakayopigia kazi ya Jumamosi, simama ukutani, weka ile 18-55 yako kwenye 50, kisha kwenye 24, uhesabu ni watu wangapi wamebaki ndani ya fremu. Nunua namba iliyowaacha wengi.