Ushahidi wa Farasi

Husifiwa sana maneno ya Lorenzo juu ya muziki, katika tamthilia ya Shakespeare iliyopigwa chapa mwaka 1600, ambayo Julius Nyerere aliifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Farasi wachanga, wasiopata kutiwa lijamu, husimama kimya wasikiapo tarumbeta. Picha ni nzuri, lakini uzuri wake umefunika hila. Farasi wale hawakuletwa kusifiwa. Waliletwa kutoa ushahidi: ikiwa mnyama hulainika, basi mtu asiyelainika yu tayari kwa uhaini, wala haaminiki. Lorenzo hamtaji mtu. Lakini msikilizaji amekwisha kumsikia Shylock akimwamuru bintiye afunge madirisha, ngoma na filimbi zisiingie nyumbani. Na usiku ule ule Lorenzo alimtorosha binti huyo, pamoja na mali ya babaye! Hiyo ndiyo hukumu iitwayo falsafa ya ulinganifu wa mbingu?

La hasha. Mkweli zaidi ni Benedick, katika Much Ado About Nothing, iliyochapwa mwaka ule ule. Yeye hustaajabu kuwa utumbo wa kondoo waweza kuvuta roho za watu miilini. Nyuzi za ala za siku zile zilisokotwa kwa utumbo hasa. Kondoo hakuitwa kutoa ushahidi.